Sili ya Oili Ivujayo katika Injini ya Dizeli: Kutafuta Sababu Kabla ya Kubadilisha

Maneno ya mazungumzo kwa wenye vinu vya kusaga nafaka na mafundi wao



Injini ya dizeli ikisimama katika kinu cha kijiji, hasara haimpati mwenye kinu peke yake. Mama aliyetembea mwendo mrefu na debe la mahindi kichwani hurudi nalo vilevile lilivyokuja, na watoto nyumbani hungoja unga usiofika. Ingawa umeme umekwisha kuenea katika masoko mengi ya Kenya, ziko bado sehemu ambako chakula cha watu hutegemea injini moja ya silinda moja. Na katika maradhi yanayozisimamisha injini hizo, liko moja ambalo huanza kwa tone dogo jeusi chini ya gurudumu kubwa. Maradhi hayo ni kuvuja kwa sili ya oili.

Wengi hulidharau tone hilo. Husema kwamba mashine kuukuu haina budi kutoa machozi kidogo, nao huongeza oili kila asubuhi na kuendelea na kazi. Wengine hufanya kinyume chake. Hukimbilia dukani mara moja, wakanunua sili mpya, wakaipiga kwa nyundo mpaka ikaingia, na baada ya majuma mawili wakaiona inavuja kama ile ya kwanza. Hapo humlaumu mwenye duka, au hulaumu nchi ilikotengenezwa sili.

Watu wa namna zote mbili wamekosea. Tone si jambo dogo, na sili mara nyingi siyo iliyo na kosa. Sili ivujayo yafaa ifikiriwe kuwa ni shahidi kwanza, naye shahidi huulizwa kabla ya kufukuzwa.

HESABU YA TONE

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli pia kwamba haba na haba hukimaliza kibaba. Chukua injini inayotoa tone moja kila baada ya sekunde 3. Kwa dakika moja hayo ni matone 20, na kwa saa moja ni matone 1,200. Ikiwa matone 25 hufanya mililita moja, oili inayopotea kwa siku ya kazi ya saa 8 hupita theluthi moja ya lita. Kwa siku 6 hupita lita 2. Injini ndogo ya silinda moja hubeba lita chache tu za oili. Basi mwenye kinu aliyesahau kupima kwa juma moja huenda akawa anaendesha mashine iliyo karibu na ukavu.

Oili ikipungua hivyo, pampu huanza kuvuta hewa. Beringi hukosa utando wa oili unaozitenga na mhimili, chuma hugusa chuma, na joto hupanda. Wakati huo gharama siyo tena ya kipande cha mpira kinachoweza kutiwa mfukoni, bali ni ya mhimili mzima na beringi zake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena oili inayotoka haipotei bure. Gurudumu linalozunguka huirusha huku na huku. Ikiangukia mkanda, mkanda huteleza na kinu hupoteza nguvu. Ikiangukia sakafu, mtu huanguka. Na katika nyumba ya kinu iko hatari ya oili kufika penye magunia na unga wa watu. Oili iliyokwisha kutumika ina masizi na sumu ndani yake; haifai kabisa kukaribia chakula.

KAZI YA SILI

Ndani ya injini umo mhimili mkuu ambao mafundi huuita krankishafti. Mhimili huu hupokea nguvu ya pistoni na kuigeuza kuwa mzunguko. Ncha yake moja hutokeza nje ya mwili wa injini ili ibebe gurudumu kubwa, yaani flaiwili. Mahali unapotokeza pana duara, na katika duara hilo ndipo sili inapokaa.

Sili ni pete yenye sehemu tatu. Nje ina ukingo wa chuma, au wa chuma kilichofunikwa kwa mpira, ambao hukaa kwa kubana ndani ya nyumba yake. Ndani ina mdomo mwembamba wa mpira unaogusa mhimili. Nyuma ya mdomo huo imezungushwa springi nyembamba iliyounganishwa kama mkufu, ambayo huubana mdomo usiache mhimili.

Kazi ya mdomo huo ni nzito kuliko unavyoonekana. Injini za Kichina za aina ya S195, ambazo zimeenea sana katika vinu, huzunguka mara 2,000 kwa dakika. Kama mhimili una upana wa milimita 50, uso wake hupita mbele ya mdomo wa sili kiasi cha mita 5 kila sekunde. Kwa saa 8 huwa umepita kiasi cha kilomita 150, yaani karibu sawa na safari ya kutoka Nairobi hadi Nakuru. Mdomo wa mpira hufanya safari hiyo kila siku ukiwa umekaa palepale, nao huweza kuifanya kwa muda mrefu kwa sababu utando mwembamba mno wa oili huulainisha. Mchanga ukiingia, au mhimili ukikwaruzwa, au joto likizidi, safari hiyo hukoma mapema.

KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Kabla ya kufungua nati yoyote, ni lazima ijulikane kwa hakika oili inatoka wapi. Oili hushuka na pia hupeperushwa na upepo wa gurudumu. Inayoonekana chini ya sili huenda imetoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, au kwenye bomba lililolegea. Pengine si oili hata kidogo, bali ni dizeli. Jambo hilo hujulikana kwa harufu na kwa wepesi wake kati ya vidole.

Njia ya kutambua ni rahisi. Injini izimwe na kupoa. Upande wote unaovuja usafishwe kwa kitambaa na mafuta ya taa, kisha ukaushwe sana. Halafu upakwe unga mkavu wa chaki. Injini iwashwe kwa dakika chache bila mzigo, watu wakiwa mbali na gurudumu, kisha izimwe. Alama ya kwanza nyeusi juu ya chaki ndiyo inayoonyesha chanzo. Chaki ya bei ndogo imewaepusha mafundi wengi na kazi ya siku nzima isiyo na faida.

SABABU NNE ZA KUVUJA

Ikiwa imethibitika kwamba oili yatoka kwenye sili, ndipo swali lenyewe lifikapo: kwa nini?

Sababu ya kwanza ni uzee. Mpira huwa mgumu kwa joto, ukapoteza ulaini wake na kupasuka. Sili iliyofanya kazi miaka mingi na kuchoka haina lawama, hubadilishwa tu.

Sababu ya pili ni pumzi iliyozibwa. Katika kila injini moshi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka mahali penye oili. Moshi huo hutolewa nje kwa njia ya kipumulio, ambacho katika injini nyingi huwekwa juu, kwenye kifuniko cha valvu. Kikizibwa na vumbi la unga na oili iliyoganda, moshi hukosa mlango, nao huisukuma oili nje kupitia mahali palipo dhaifu, na mahali hapo huwa ni sili. Mtu akibadilisha sili asisafishe kipumulio, hata sili kumi hazitamfaa. Ikiwa kipumulio ni safi na bado moshi mwingi wapulizwa kwa nguvu kwenye tundu la kujazia oili, basi ringi au silinda zimekwisha, na hiyo ni kazi nyingine iliyo kubwa zaidi.

Sababu ya tatu ni beringi iliyolika. Mhimili hutikisika juu na chini, na mdomo wa sili hauwezi kuufuata. Injini ikiwa imezimwa na mkanda umetolewa, gurudumu lishikwe kwa mikono miwili na kujaribiwa kuinuliwa. Mchezo unaosikika mkononi ni onyo. Sili mpya juu ya beringi mbovu ni fedha iliyotupwa.

Sababu ya nne ni uchoyo wa kinyume, yaani kujaza oili kupita kiasi. Wengine hudhani kwamba kuzidisha ni kuitunza mashine. Oili ikipita alama ya juu ya kijiti cha kupimia, mhimili huipiga na kuirusha kama povu, nayo huilemea sili. Alama ziliwekwa kwa sababu.

KUITOA SILI YA ZAMANI

Kazi hii yataka mahali safi, muda wa kutosha, na watu wawili, kwa kuwa flaiwili ni nzito na ikianguka huvunja mguu.

Kwanza injini ipoe, mkanda utolewe, na koki ya dizeli ifungwe ili injini isiweze kuwaka mtu anapoizungusha kwa mkono. Oili imwagwe katika chombo safi na kuangaliwa juani. Vipande vinavyometa vya chuma vikionekana, jambo hilo ni kubwa kuliko sili, na fundi atazame beringi kabla ya kuendelea.

Nati kubwa ya katikati ya flaiwili mara nyingi hulindwa na wosha iliyokunjwa ukingo. Ukingo huo unyooshwe kwanza kwa tindo. Kisha nati ilegezwe kwa spana yake kamili, lakini isitolewe yote. Ibaki imeshika nyuzi chache. Sababu ni hii: katika injini nyingi flaiwili hukaa juu ya ncha ya mhimili iliyochongoka, nayo inapoachia huruka ghafula. Nati iliyobaki huizuia isimrukie mtu.

Flaiwili huvutwa kwa chombo kiitwacho pula, ambacho skrubu zake huingia katika matundu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuipiga ncha ya mhimili kwa nyundo ni marufuku. Pigo moja huweza kuharibu nyuzi za nati, na huweza kuumiza beringi za ndani pasipo mtu kuona. Flaiwili ikisha kutoka, kijipande cha chuma kiitwacho kii, kinachoizuia isizunguke peke yake juu ya mhimili, kitolewe na kuwekwa mahali kisipoweza kupotea.

Sasa sili yaonekana. Kabla ya kuitoa, fundi apime kwa rula imezama kiasi gani ndani ya nyumba yake, na aandike. Vilevile aangalie upande upi umetazama nje. Kama kifuniko kinachoishika sili chaweza kufunguliwa, ni vema kukitoa na kuisukuma sili kutoka nyuma. Gasketi itakayorudishwa iwe ya unene uleule wa zamani, maana katika injini nyingine unene huo ndio unaoweka nafasi ya mhimili kwenda mbele na nyuma. Ikiwa kifuniko kina tundu la kurudishia oili, gasketi isilizibe. Kama kifuniko hakitolewi, sili huchokolewa kwa uangalifu. Lakini bisibisi isiguse mhimili kamwe. Mkwaruzo mmoja mdogo huwa mfereji wa oili kwa miaka yote itakayofuata.

UKUCHA NI KIPIMO

Sili ikisha kutoka, fundi mwenye haraka huweka mpya papo hapo. Fundi mwenye akili huutazama mhimili kwanza. Mahali mdomo wa zamani ulipokuwa ukigusa, mara nyingi huwa pana duara linalong'aa. Apitishe ukucha wake juu ya duara hilo kwa kufuata urefu wa mhimili. Ukucha ukipita bila kukwama, pako salama. Ukucha ukikwama, mhimili umechimbwa, na sili mpya ikikaa palepale itavuja.

Watu hustaajabu kusikia kwamba mpira laini huweza kuchimba chuma. Lakini si mpira peke yake uchimbao. Ni vumbi gumu lililonaswa chini ya mdomo, likifanya kazi ya msasa kilomita kwa kilomita.

Dawa zake ni mbili. Ikiwa nyumba ya sili ina kina cha kutosha, sili mpya huweza kuwekwa mbele au nyuma kidogo, kiasi cha milimita 1 au 2, ili mdomo wake uguse mahali pasipolika. Ikiwa hakuna nafasi, huvikwa bomba jembamba la chuma juu ya mahali palipochimbwa, na bomba hilo huwa uso mpya. Msasa mwembamba huweza kutumiwa kuondoa kutu na vipele, lakini upitishwe kwa kuuzunguka mhimili, usipitishwe kwa urefu, na vumbi lake lisiingie ndani.

KUCHAGUA NA KUWEKA SILI MPYA

Sili huandikwa namba. Namba kama 50-70-10 maana yake ni kwamba upana wa mhimili ni milimita 50, upana wa nyumba ni milimita 70, na unene wa sili ni milimita 10. Zote tatu ni lazima zilingane. Herufi NBR huonyesha mpira wa kawaida wa kazi za oili, ambao hufaa mpaka joto la kiasi cha digrii 100. Herufi FKM au FPM huonyesha mpira ghali zaidi unaovumilia joto la kiasi cha digrii 200. Sili nyingine zina mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Ikiwekwa kwa injini izungukayo kinyume, huivuta oili nje badala ya kuirudisha ndani.

Nyumba ya sili isafishwe na kukaushwa. Mdomo wa sili upakwe oili safi, kwa kuwa mdomo mkavu huungua katika dakika ya kwanza. Ziko hata hivyo sili za namna nyingine, zenye mdomo mgumu usio wa mpira, ambazo watengenezaji huagiza ziwekwe kavu. Maandishi yaliyo juu ya pakiti yasomwe. Nyuzi za mhimili na ufa wa kii vifunikwe kwa karatasi laini iliyopakwa oili, maana kingo zake kali huukata mdomo unapopitishwa.

Upande wenye springi hutazama ndani, penye oili. Sili isukumwe pole pole kwa kipande cha bomba ambacho upana wake unalingana na ukingo wake wa nje, ili nguvu ienee kotekote. Kuipiga kwa nyundo upande huu kisha upande ule huipinda, na sili iliyopinda haikai sawa tena. Izame kiasi kile kilichoandikwa, isipokuwa imekusudiwa kuhamishwa kidogo kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

Baada ya hapo kii hurudishwa, flaiwili hupanguswa oili yote na kuwekwa, na nati hukazwa kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha mashine. Wosha mpya ikunjwe ukingo wake. Flaiwili iliyofungwa kwa ulegevu ni hatari kuu kuliko uvujaji wowote.

KUJARIBU KAZI

Oili ijazwe mpaka alama, isipite. Injini izungushwe kwa mkono mara kadhaa ili oili ifike kwenye mdomo wa sili, kisha iwashwe bila mzigo kwa dakika 10 au 15. Chaki ipakwe tena. Ikiwa chaki imebaki nyeupe, mkanda urudishwe na kinu kipewe mahindi. Oili ipimwe jioni ya siku hiyo, na tena kesho yake, na hesabu iandikwe katika daftari pamoja na tarehe. Daftari la namna hiyo humwambia mwenye kinu mapema kuliko masikio yake kwamba mashine imeanza kuugua.

Oili ya zamani isimwagwe ardhini wala mtoni, bali iwekwe katika mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaoikusanya. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika gunia la mtu.

Na ijulikane pia mpaka wa kazi hii. Sili ya nyuma katika injini ya lori hukaa nyuma ya giaboksi na klachi, na kuifikia kwataka vyombo vya kuinulia na mahali pa kazi palipo imara. Hiyo ipelekwe kwa gereji. Lakini sili ya injini ya kinu ni kazi ambayo fundi wa kijiji, akiwa na pula, chaki na subira, aweza kuimaliza kwa siku moja, ikiwa ametoa nusu ya siku hiyo kuuliza kwa nini ilivuja. Akifanya hivyo, wateja watakaokuja kesho yake na madebe yao watarudi nyumbani na unga.